Kukadiria Kisobadilika katika Mlinganyo wa Glotokronolojia: Funzo kwa Mwanaisimu wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna thamani moja isiyojulikana katika mlinganyo ilivyokadiriwa kutokana na vipimo, na namna thamani hiyo ilivyokuja kutumiwa kutaja umri wa lugha. Thamani yenyewe ni kiwango cha uhifadhi wa msamiati wa msingi, ambacho Lees alikikadiria mwaka 1953 kwa kupima lugha 13. Makala yanarudia hesabu yake hatua kwa hatua, yanaonyesha mahali inapopwaya, kisha yanaeleza kwa nini Kiswahili chenyewe hakiwezi kutumiwa kwa urahisi kupima kiwango hicho.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu historia hukutana mapema na kauli kwamba lugha fulani mbili "zilitengana miaka 1,200 iliyopita." Kauli ya aina hii ina uzito wa pekee. Haisemi tu kwamba lugha hizo ni ndugu. Inataja tarehe, na tarehe hupendwa na watahini, wanahistoria na wanasiasa sawia. Katika mjadala wa chimbuko la Kiswahili, ambamo kila upande umewahi kutafuta ushahidi wa kongwe na wa ugeni, tarakimu kama hiyo inaweza kufanywa silaha. Hata hivyo, ni nadra kwa anayeinukuu kuuliza ilipatikana wapi. Haikutoka katika hati yoyote. Ilitokana na mlinganyo, na ndani ya mlinganyo huo mna namba ambayo mtu fulani aliikadiria kwa vipimo vya lugha ambazo hata moja si ya Kibantu.

Wanafunzi wengi wa Kiswahili waliiaga hisabati siku ya mwisho ya mtihani wa kidato cha nne, na pengine kwa furaha. Hesabu inayohitajika hapa ni ya wastani, asilimia na logi tu. Asiyeifahamu atalazimika kuamini kila tarakimu anayoletewa, au kuzikataa zote kwa pamoja. Msimamo wa kwanza haufai, wala wa pili.

2.0 Mlinganyo na Mantiki Yake

Morris Swadesh, mwanaisimu wa Marekani, alianza kuijenga mbinu hii karibu na mwaka 1950. Wakati huo mwanakemia Willard Libby alikuwa ametangaza, mwaka 1949, njia ya kupima umri wa mabaki ya viumbe kwa kuhesabu kaboni ya kinururishi iliyosalia ndani yake. Kaboni hiyo huoza kwa kasi maalumu: sehemu ile ile ya kilichopo hupotea katika kila kipindi kilicho sawa. Swadesh alipendekeza kwamba msamiati wa msingi wa lugha nao hupotea vivyo hivyo. Maneno kama yale ya viungo vya mwili, maji, moto, jua, kula, kufa na kulala hayakopwi ovyo wala hayaachwi haraka. Na yanapoachwa, huachwa kwa kasi inayokaribia kuwa sawa katika lugha zote.

Dai hilo la mwisho ndilo linalobeba jengo zima. Tuseme kiwango cha maneno yanayohifadhiwa katika miaka 1,000 kinaitwa r. Orodha ya maneno 100 ikianza leo, baada ya miaka 1,000 yatakuwa yamesalia maneno 100 mara r. Baada ya miaka 2,000, masalio hayo nayo yatakuwa yamepunguzwa kwa kiwango kile kile, yaani r mara r. Baada ya milenia t, sehemu iliyosalia ni r iliyopandishwa kipeo cha t.

Lakini anayelinganisha lugha mbili ndugu hana lugha mama mkononi. Anazo lugha mbili zilizopo leo, na kila moja imepoteza maneno yake bila kumshauri mwenzake. Ili neno lionekane katika lugha zote mbili, ni sharti limenusurika huku na limenusurika kule. Kwa hiyo sehemu ya maneno yanayoshirikiwa, iitwe c, ni r kwa kipeo cha t mara r kwa kipeo cha t, yaani r kwa kipeo cha 2t. Pande zote mbili zikichukuliwa logi, mlinganyo unageuka kuwa:

t = log c ÷ (2 × log r)

Jibu la t huwa katika milenia. Logi ya msingi wowote yafaa, mradi ile ile itumiwe juu na chini.

Mlinganyo huu una herufi tatu. Thamani ya c inapimwa kwa kuhesabu maneno yenye asili moja. Thamani ya t ndiyo inayotafutwa. Inabaki r, ambayo haihesabiwi katika orodha wala haitafutwi. Inachukuliwa kuwa imekwisha kujulikana. Asiyeijua r hawezi kupata t hata akiwa na orodha iliyokusanywa kwa uangalifu mkubwa. Tuchukue c kuwa 0.60. Ikiwa r ni 0.8048, t ni miaka 1,176. Ikiwa r ni 0.86, t ni miaka 1,693. Ikiwa r ni 0.95, t ni takriban miaka 4,980. Majibu yote matatu yanautosheleza mlinganyo sawasawa. Maneno 60 yanayoshirikiwa hayasemi lolote juu ya lipi kati ya hayo ni la kweli.

3.0 Vipimo vya Lees

Njia ya kuitoka shida hiyo ni kuugeuza mlinganyo. Zitafutwe lugha ambazo t yake inafahamika kwa maandishi, ipimwe sehemu ya msamiati iliyosalia, na r ikokotolewe. Katika hali hii lugha mama ipo, kwa hivyo mbili iliyo chini ya mstari inaondoka: logi ya r ni logi ya sehemu iliyosalia ikigawanywa kwa t. Hivi ndivyo alivyofanya Robert Lees mwaka 1953, kwa orodha ya maneno yapatayo 200. Viwango alivyovipata kwa kila milenia ni hivi:

Jedwali 1: Viwango vya uhifadhi kwa milenia

Kiingereza cha Kale hadi Kiingereza: 0.766
Kilatini hadi Kihispania: 0.790
Kilatini hadi Kifaransa: 0.776
Kijerumani cha Kale hadi Kijerumani: 0.854
Kimisri cha Kati hadi Kikopti: 0.760
Kigiriki cha Koine hadi Kigiriki cha Athens: 0.836
Kigiriki cha Koine hadi Kigiriki cha Kupro: 0.829
Kichina cha kale hadi Kimandarini: 0.795
Kinorse cha Kale hadi Kiswidi: 0.854
Kilatini hadi Kiitaliano: 0.839
Kilatini hadi Kireno: 0.806
Kilatini hadi Kiromania: 0.764
Kilatini hadi Kikatalani: 0.793

Jumla ya viwango hivi ni 10.462, na ikigawanywa kwa 13 inapatikana 0.8048. Hii ndiyo namba ambayo vitabu vingi huikadiria kuwa asilimia 80 au 81. Msomaji anashauriwa kuirudia hesabu hii mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Dakika tano zinatosha, na namba ambayo mtu ameipata kwa mkono wake haimtishi tena.

Wastani pekee hauelezi ubora wa makadirio. Yapo maswali mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko chanzo cha makosa mengi. La kwanza ni: wastani wenyewe unaaminika kiasi gani? Lees alijibu kwamba, kwa uhakika wa tisa katika kumi, thamani ya kweli iko ndani ya takriban 0.018 juu au chini ya 0.8048, yaani kati ya 0.787 na 0.822. Swali la pili ni: lugha moja moja hutawanyika umbali gani kutoka kwenye wastani huo? Jibu linaonekana katika jedwali bila hesabu yoyote: kutoka 0.760 ya Kikopti hadi 0.854 ya Kijerumani na Kiswidi. Mkengeuko wa kawaida wa viwango hivyo ni 0.034, karibu mara mbili ya ule upana wa kwanza.

Anayetaka kutaja umri wa mtengano wa lugha mbili mahususi anahitaji jibu la swali la pili, ilhali vitabu humpa la kwanza. Kwa c ya 0.60, mipaka ya wastani ya Lees inatoa miaka kati ya 1,070 na 1,300. Mipaka ya lugha moja moja inatoa miaka kati ya 930 na 1,620. Ni kweli kwamba lugha moja ikiwa ya kasi na nduguye ya polepole, makosa yao huweza kufidiana: zao la 0.760 na 0.854 linakaribia kabisa zao la wastani mara mbili. Lakini kufidiana huko ni bahati. Hakuna anayejua mapema kwamba kumetokea katika jozi aliyonayo.

4.0 Lugha 13 au Mashahidi Watano?

Jedwali lina kasoro nyingine ambayo haionekani mpaka mtu alitazame kwa jicho la mwanaisimu badala ya jicho la karani wa hesabu. Kati ya lugha 13, sita ni watoto wa Kilatini. Mbili ni za Kigiriki. Tatu ni za tawi la Kijerumani. Kwa jumla 11 ni za familia moja ya Kihindi-Kiulaya. Kikopti na Kichina ndivyo pekee vilivyo nje yake.

Kanuni ya makadirio inadai kwamba kila kipimo kiwe shahidi anayejitegemea. Kireno na Kihispania vimeishi mlango kwa mlango kwa karne nyingi, vikasoma Kilatini kile kile kanisani na katika sheria. Kuvihesabu kuwa mashahidi wawili ni sawa na kumhoji baba na mwanawe waliokaa chumba kimoja usiku wa tukio, kisha kudai kwamba ushahidi umethibitishwa mara mbili.

Inafaa basi kujaribu hesabu nyingine. Watoto wa Kilatini wachukuliwe kuwa shahidi mmoja mwenye wastani wao, 0.795. Tawi la Kijerumani liwe mmoja, 0.825. Kigiriki kiwe mmoja, 0.833. Kikopti kibaki 0.760 na Kichina 0.795. Wastani wa watano hawa ni 0.801. Wastani, kwa hivyo, haukuyumba sana, na jambo hilo linamtetea Lees kwa kiasi. Kilichoyumba ni uhakika. Kwa mashahidi watano, upana wa tisa katika kumi unafikia takriban 0.027 kila upande badala ya 0.018. Kwa c ile ile ya 0.60, umri sasa ni kati ya miaka 1,000 na 1,360. Namba iliyopunguziwa mashahidi imekuwa nyenyekevu zaidi, kama inavyostahili.

Upimaji mwingine ulitikisa hata huo wastani. Mwaka 1962, Bergsland na Vogt walichapisha vipimo vya lugha ambazo Lees hakuzitumia. Kiaislandi kilionekana kupoteza takriban asilimia 4 tu kwa milenia, ilhali Kinorwe cha mijini, ambacho ni ndugu yake wa damu, kilipoteza karibu asilimia 20. Lugha hizo mbili zilitoka katika mama mmoja na kwa muda ule ule. Tofauti ilikuwa katika maisha ya wasemaji: kisiwa cha mbali chenye fasihi andishi iliyosomwa kizazi baada ya kizazi, na miji ya biashara iliyotawaliwa na lugha za jirani. Mwaka huo huo Chretien aliishambulia misingi ya hisabati ya mbinu nzima, na kwa wanaisimu wengi mjadala ukafungwa.

Hapa panafaa kukumbushwa kwamba hata fizikia, iliyokuwa mfano wa kuigwa, ilirekebisha kisobadilika chake. Libby alitumia nusuhai ya kaboni ya miaka 5,568. Vipimo bora vya baadaye vikaonyesha 5,730. Tofauti ni kwamba kaboni iliyopimwa Chicago haioni haya ya jirani, haisomi vitabu, wala haiolewi ugenini.

5.0 Orodha Inapobadilika, Kisobadilika Nacho Hubadilika

Mwaka 1955 Swadesh aliipunguza orodha yake hadi maneno 100, akiacha yale aliyoyaona kuwa yanakopwa kirahisi au yanafungamana na utamaduni. Kwa orodha hiyo fupi r ilipandishwa hadi karibu 0.86. Hili ni jambo la kimantiki, maana maneno legevu yameondolewa. Lakini linafichua kwamba r si tabia ya lugha pekee. Ni tabia ya lugha pamoja na orodha iliyochaguliwa kuipima.

Kiswahili kinatoa mfano mzuri wa jambo hili. Kila mwanafunzi anajua kwamba sita, saba na tisa ni maneno ya asili ya Kiarabu. Maneno ya Kibantu yaliyokuwapo hayajafutika kabisa: tandatu limo katika maandishi ya zamani, kenda bado linaeleweka na ni la kila siku katika Gikuyu, na fungate limekimbilia harusini, ambako siku saba za bwana na bibi arusi zinaendelea kuitwa kwa namba ambayo dukani haitumiki tena. Ni hasara ya maneno matatu kati ya namba 10 za mwanzo. Hata hivyo hasara hiyo haionekani katika orodha ya Swadesh. Orodha ya maneno 200 inaishia kwenye tano, na ile ya 100 inaishia kwenye mbili.

Kinyume chake, orodha ndefu ina maana za "bahari," "karibu," "kwa sababu" na "kama," ambazo zote zimejazwa na Kiarabu katika Kiswahili sanifu. Orodha fupi imeziacha zote nne. Inabakisha damu, samaki na baridi, ambayo ni mikopo. Samaki likiwa limelisukuma nswi la lahaja za kaskazini hadi katika lugha ya ushairi. Lugha ni ile ile na wasemaji ni wale wale, lakini orodha moja inamwonyesha mtafiti lugha iliyobadilika sana, na nyingine inamwonyesha iliyotulia.

6.0 Je, Kiswahili Chenyewe Hakiwezi Kupimwa?

Swali la haki ni hili: kwa nini kutumia namba ya Kikopti na Kiromania? Kwa nini r isikadiriwe kutokana na Kiswahili?

Kizuizi ni hati. Ili kupima r kwa njia ya Lees, ni lazima pawe na maandishi ya kale ya lugha yenyewe, marefu kiasi cha kutosha kujaza orodha. Barua za Kiswahili kutoka Kilwa zilizohifadhiwa Goa ni za kuanzia mwaka 1711. Mswada wa Utendi wa Tambuka ni wa 1728. Hiyo ni miaka 300 hivi. Kipindi hicho si kifupi katika maisha ya fasihi, lakini kwa kipimo hiki ni kifupi mno. Ikiwa r ni 0.8048, maneno yanayotarajiwa kusalia baada ya miaka 300 ni takriban 94 kati ya 100. Yaani makadirio yote yanasimama juu ya maneno sita yaliyopotea.

Tuseme mtafiti amehesabu masalio 94. Kwa kugawanya logi ya 0.94 kwa 0.3 anapata r ya 0.814. Akisita juu ya maneno mawili na kuyahesabu kuwa yamesalia, masalio ni 96 na r inaruka hadi 0.873. Akiyahesabu mawili hayo kuwa yamepotea, masalio ni 92 na r inashuka hadi 0.757. Shaka ya maneno mawili imetoa upana unaozidi tofauti iliyopo kati ya Kikopti na Kijerumani. Na maneno ya kusitia hayakosekani. Je, nswi limepotea ikiwa mtunzi wa Lamu bado analielewa? Lugha ya utenzi ya mwaka 1728 ilikuwa lugha ya mazungumzo ya nani, na ya mji gani? Kiswahili sanifu cha leo kimejengwa juu ya Kiunguja, ilhali Tambuka ni ya kaskazini. Kulinganisha viwili hivyo ni kumpima mpwa dhidi ya mjomba na kumwita mwana.

Njia nyingine ingekuwa kutumia akiolojia. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ulionyesha makazi yaliyoanza karne ya 8. Mtu anaweza kusema kwamba wasemaji wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kujitenga na ndugu zao wa Sabaki kufikia wakati huo, akaingiza t hiyo katika mlinganyo na kupata r ya Kisabaki. Si kosa kufanya hivyo, mradi akumbuke alichokifanya. Kosa hutokea pale r hiyo inaporudishwa katika mlinganyo ili kutoa tarehe ya Kiswahili, kisha tarehe hiyo ikasifiwa kwamba "inakubaliana na akiolojia." Itakosaje kukubaliana, ilhali akiolojia ndiyo iliyoizaa? Vyungu, kwa kuongezea, havisemi lugha ya aliyevifinyanga.

Si ajabu kwamba kazi kubwa ya Nurse na Hinnebusch (1993) juu ya Kiswahili na Sabaki imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mabadiliko ya sauti na maumbo. Mabadiliko hayo yanaonyesha nani ni ndugu wa nani na nani alitoka mapema kuliko mwenzake. Hayadai kujua mwaka.

7.0 Maneno Hayaendi kwa Mwendo Mmoja

Ipo hitilafu nyingine iliyo ndani ya mlinganyo wenyewe, na hata vipimo bora visingeiondoa. Mlinganyo unachukulia kwamba maneno yote ya orodha yana uwezekano sawa wa kupotea. Pagel na wenzake walionyesha mwaka 2007, kwa maana 200 katika lugha 87 za Kihindi-Kiulaya, kwamba maneno yanayotumiwa mara nyingi hubadilika polepole kuliko yanayotumiwa kwa nadra.

Athari yake kwa makadirio ya r yaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Tuseme nusu ya orodha ni maneno sugu yenye r ya 0.95, na nusu ni maneno legevu yenye r ya 0.65. Baada ya miaka 1,000 wastani wa masalio ni 0.80, na mtafiti ataandika kwamba r ni 0.80. Baada ya miaka 5,000 maneno legevu yamekaribia kwisha, na masalio ni 0.445, si 0.328 kama mlinganyo unavyotabiri. Anayekadiria r kutokana na masalio haya atapata 0.85. Lugha haikubadili tabia yake hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba waliobaki katika orodha ni wale wasiokufa upesi. Hivyo mitengano ya zamani itaonekana kuwa ya karibuni kuliko ilivyo.

Mbinu za sasa hujaribu kuukabili ugumu huu kwa kuliachia kila neno kasi yake na kila tawi la ukoo kasi yake, kisha kukadiria yote kwa pamoja kwa kompyuta, huku matawi machache yenye tarehe zinazojulikana yakitumiwa kama nanga. Gray na Atkinson walifanya hivyo kwa lugha za Kihindi-Kiulaya mwaka 2003. Grollemund na wenzake wakachapisha mwaka 2015 uchunguzi wa lugha za Kibantu zaidi ya 400. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo nanga bado zinatoka nje ya msamiati, na swali la zilikotoka bado lina nguvu ile ile iliyokuwa nayo mwaka 1953.

8.0 Tarakimu katika Tasnifu

Tatizo la mwisho ni la kila siku kwa anayelinganisha lahaja za Kiswahili, kwa mfano Kiamu na Kimvita. Lahaja hizi hazikutengana na kunyamaziana. Zilioana, zikafanya biashara, zikasoma mashairi ya zenyewe kwa zenyewe, na zikakopa kwa Mwarabu yule yule. Damu iliyo katika lahaja zote mbili ihesabiwe vipi?

Tuchukue mfano wa kubuni: orodha ya maneno 100, maneno 80 yana asili moja ya Kibantu katika lahaja zote mbili, manne ni mikopo inayofanana, na 16 yanatofautiana. Mikopo ikihesabiwa kuwa maneno yanayoshirikiwa, c ni 0.84, na kwa r ya 0.86 umri ni miaka 580. Ikiondolewa kabisa katika orodha, c ni 80 kwa 96, na umri ni miaka 600. Ikihesabiwa kuwa hasara kwa pande zote mbili, c ni 0.80, na umri ni miaka 740. Watafiti watatu waaminifu wanaweza kutoka na tarehe tatu kutokana na daftari moja. Anayesoma tasnifu zao hatajua sababu, isipokuwa kama kila mmoja ameeleza alivyoamua.

Juu ya uamuzi huo kuna kosa la uhesabuji lenyewe. Sehemu ya 0.80 iliyopatikana kwa maneno 100 ina kosa la kawaida la 0.04: mzizi wa pili wa 0.80 mara 0.20 ukigawanywa kwa 100. Basi c ni kati ya 0.76 na 0.84, na umri ni kati ya miaka 580 na 910, hata pale r inapodhaniwa kuwa kamili isiyo na shaka. Nayo r ikiruhusiwa kuwa kati ya 0.84 na 0.88, umri unapanuka hadi kati ya miaka 500 na 1,070. Ukihesabiwa nyuma kutoka sasa, muda huo unaanzia karne ya 10, kabla ya Kilwa kufikia kilele chake, na unaishia karne ya 16, Wareno wakiwa wamekwisha kuingia pwani tangu 1498. Tasnifu inayoandika "lahaja hizi zilitengana miaka 740 iliyopita" inamwambia msomaji kwamba mtengano ulitokea katika karne ya 13. Tasnifu inayoandika "kati ya miaka 500 na 1,070, kwa orodha ya maneno 100, r ikiwa kati ya 0.84 na 0.88, mikopo minne ikihesabiwa kuwa hasara" inampa karne zote hizo kwa pamoja, na kumwachia njia ya kuirudia hesabu. Kiambatisho chake kinapaswa kuonyesha orodha yenyewe, neno kwa neno, pamoja na alama kando ya kila neno ambalo mtafiti alilisitia kabla ya kuamua.